Bustani ipo, mboga zipo, mbona mtoto bado hana damu?

Ukitoka Moshi mjini ukapanda kuelekea Kibosho, Uru, Old Moshi au Marangu huoni kipande cha ardhi kilichokaa bure, juu migomba, chini yake kahawa, magimbi yamejikalia kwenye unyevu, maharage, mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia, unapita pembeni, nyuma ya nyumba ng'ombe wa ndani anakatiwa majani na kuku wanazunguka uani. Hilo shamba la kuzunguka nyumba ndo kihamba, na kihamba cha Mchagga kinasifiwa dunia nzima, mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo. Alafu nenda kliniki ya hukohuko siku ya kupima watoto, kaa kwenye benchi usikilize, utasikia mama anaambiwa mtoto damu iko chini na uzito umesimama tangu alipofikisha miezi saba, na mama anashangaa kwelikweli kwa sababu kwake hawajawahi kulala njaa hata siku moja.

Huyo mama hadanganyi na nesi naye hadanganyi. Wote wako sahihi, na hapo ndo penye fundo ambalo nataka tulifungue taratibu, maana kila mwaka tunaambiwa limeni bustani watoto wapate lishe, watu wanalima kweli, na watoto bado wanadumaa huku mboga zikiwa hatua kumi kutoka jikoni. Mi naona tunakosea kwa kudhani ukishapanda mchicha basi lishe imefika kwa mtoto. Lishe ni kama maji ya mfongo, kutoka kwenye banio mpaka shambani kwako kuna sehemu nyingi za kutobokea, na ukikuta shamba limekauka huanzi kuongeza maji kule juu, unafuata mfongo uone umepasuka wapi.

Tuangalie kwanza nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, imeshuka kutoka 34 ya mwaka 2015/16, tunashukuru. Ila ukiangalia mikoa ndo utachoka: Iringa karibu asilimia 57, Njombe kama 50, Rukwa hapohapo kwenye 50. Jamani hii ndo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, malori yanashuka kila siku yamejaa. Kilimanjaro na Arusha tuko afadhali kuliko wao kwenye kudumaa, lakini upungufu wa damu haujatuacha, ule utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 Tanzania wana damu pungufu, yaani zaidi ya nusu.

Na kitu ambacho watu wengi hawajui, picha, yaani mchoro wa sababu, ambayo dunia nzima inaitumia kueleza utapiamlo imetokana kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika hapahapa kwetu, mradi wa lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983 ukisaidiwa na UNICEF na WHO. Mwaka 1990 UNICEF wakaifanya kuwa mfumo wao rasmi. Inasema hivi, mtoto anakuwa na lishe nzuri pale vitu vitatu vinapokutana: chakula nyumbani, malezi (nani anamlisha, mara ngapi, kwa subira kiasi gani), na afya pamoja na mazingira safi. Kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havizibi pengo. Bustani inagusa hicho cha kwanza tu, tena kipande chake.

Sasa tuingie kwenye tumbo la mtoto mwenyewe. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, hilo tunalijua ingawa bibi bado anaweza kumlambisha kitu mama akienda shamba. Baada ya hapo maziwa ya mama yanaendelea mpaka miaka miwili au zaidi ila hayatoshi tena, kwa makadirio ya WHO mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anahitaji kama kilokalori 200 za nguvu kwa siku kutoka kwenye chakula kingine, wa miezi 9 mpaka 11 kama 300, na akishafika mwaka mpaka miaka miwili inaruka kama 550. Na tumbo lake ni dogo sana, mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba kama mililita 240 hivi kwa mara moja, kikombe kimoja kimeisha. Kwa hiyo ukimjazia kikombe cha uji mwepesi wa mahindi, ule unaotiririka, umemjazia maji. Ameshiba, amelala, wewe umefurahi, na mwili haujapata kitu. Ukimwekea mchuzi wa mchicha juu ya ugali laini ni hivohivo, mchicha una vitamini lakini nguvu hauna, na yeye nafasi ya kula majani mengi kama mtu mzima hana.

Hapa ndo sehemu ya kwanza ya kupasuka kwenye mfongo: tunapanda mboga za kitoweo cha watu wazima. Chainizi, sukuma wiki, figiri, kitu cha kusukumia ugali jioni. Mtoto anapewa mchuzi wake tu, majani yenyewe yanabaki kwenye sahani ya baba na ya kaka zake kwa sababu "hayatafuni". Basi uyakate mpaka yawe unga, au uyaponde na ndizi, kwa nini tumnyime kwa sababu hana meno?

WHO na UNICEF wana kipimo kirahisi cha kuangalia kama chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 kimechanganyika. Kuna makundi nane: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya maharage na karanga, maziwa na mtindi, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Mtoto apate angalau matano kwa siku. Hebu tuhesabu siku ya kawaida ya mtoto wa mwaka mmoja kijijini, sema Mamba au Kirua. Asubuhi uji wa mahindi na sukari, mchana ndizi zilizopondwa, jioni ugali na mchuzi wa mchicha, ananyonya usiku. Maziwa ya mama ni moja. Uji, ndizi na ugali, milo mitatu yote, ni kundi moja! Watu wanashtuka sana hapa kwa sababu ndizi tunaiona chakula tofauti kabisa na ugali, lakini kwa mwili wa mtoto ni ndugu wa damu, wote ni wanga, na ndizi protini yake ni ndogo, kama gramu moja tu kwenye gramu mia. Mchicha kama kweli ameumeza ni kundi la tatu. Basi, tatu kati ya nane.

Sasa angalia kilichoko hapohapo kihambani bila kununua kitu. Maharage kwenye zile ndizi, yaani kiburu chenyewe, unaponda vizuri na kama ni mdogo sana unachuja maganda, umepata la nne. Parachichi robo, limeanguka lenyewe chini ya mti, la tano. Yai moja, la sita. Na hili parachichi naliongelea kwa uchungu kidogo, siku hizi mawakala wanapanda mlimani kununua hasi (parachichi la kisasa), kila mtu anapanda hasi, sikatai, hela inasomesha, ila kuna nyumba miti ya kienyeji inakatwa na hasi yote inauzwa mpaka la mwisho, mtoto anaona makreti tu. Parachichi ni chakula cha mtoto ambacho ukiwaambia watu wakiunde maabara kwao wasingekipata, ni laini, halihitaji kupikwa, lina mafuta yanayompa nguvu kwenye lile tumbo dogo, na hayo mafuta yana kazi nyingine muhimu zaidi ambayo naifikia sasa hivi.

Vitamini A. Ile ya njano iliyoko kwenye karoti, maboga, papai, na iliyojificha kwenye kijani cha mchicha na mnavu na matembele, ni kitu ambacho mwili unapaswa kukigeuza kuwa vitamini A yenyewe, na kinayeyuka kwenye mafuta, maji hayakiwezi. Bila mafuta kidogo kwenye mlo sehemu kubwa inapita tu. Kwa hiyo mboga za kuchemsha na chumvi za mtoto, ambazo tunadhani ndo salama kwa sababu hazina mafuta, tunamnyima kwa mkono wetu. Kijiko cha chai cha mafuta, au karanga zilizosagwa, au hilo parachichi pembeni, inatosha. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, hivi wanavyoviita viazi lishe, ndo vimefanya kazi kubwa zaidi kwenye hili, kama gramu 125, kiazi kimoja cha wastani, kinaweza kutosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku ya mtoto mdogo, na watafiti waliovisambaza Afrika pamoja na mwenzao wa mazao yaliyoongezwa virutubisho walipewa World Food Prize mwaka 2016. Vinaota vizuri huku kwetu ukipata marando. Pamoja na hayo yote, yale matone ya vitamini A ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 usiyakose kwa sababu una bustani.

Damu ndo kazi ngumu, na niseme wazi kwa sababu watu wanadanganyana sana kwenye hili: mchicha peke yake haumwongezei mtoto damu kama tunavyoaminishwa. Madini ya chuma yapo kwenye mboga za majani, ndiyo, ila mwili unachukua sehemu ndogo tu ya chuma cha mimea, kuna vitu ndani ya majani, nafaka na maharage vinavyokishika kisiingie. Chuma cha nyama, maini, dagaa na kuku kinaingia kirahisi zaidi. Na mtoto anazaliwa na akiba yake ya chuma kutoka kwa mama, akiba hiyo inaanza kuisha karibu na miezi sita, muda uleule anaoanza kula, na kipindi hicho mahitaji yake kwa kila kilo ya mwili ni makubwa kuliko ya baba yake. Sasa unamwanzishia uji wa mahindi na ndizi! Ndo maana damu inaanza kushuka hapo hapo kwenye miezi saba, nane, tisa, hata kwenye nyumba yenye bustani nzuri kabisa.

Ufanyeje? Cha kwanza ni vitamini C, kitu chenye uchachu au tunda kwenye mlo uleule, ndimu unakamulia kwenye maharage, nyanya mbichi kidogo, chungwa, pera, papai, hiyo inafungua mlango wa kile chuma cha mimea. Cha pili ondoa chai. Nimeona watoto wa mwaka mmoja wanapewa chai ya rangi na andazi asubuhi na baada ya ugali, na chai inashika chuma kisiingie, kama ni lazima anywe basi iwe mbali na chakula, ila mi nasema mtoto wa umri huo hana kazi na chai. Cha tatu ni dagaa. Dagaa wa Mwanza wapo kila soko, Mbuyuni, Kiboriloni, Kilombero, Tengeru, unachagua wasio na mchanga, unawaosha, unakausha, unakaanga kavu, unasaga, unga wake unaweka kijiko kwenye uji au ndizi. Harufu? Weka ndimu na karoti, mtoto akizoea mapema hana shida kabisa, anayesumbuka na harufu ni mtu mzima. Pia sungura, yaani hawa sungura wa vijana wanaofuga vibandani, nyama yake kidogo kila wiki inasaidia.

Na maziwa ya ng'ombe, wengi tunadhani mtoto akinywa maziwa mengi basi ana damu. Maziwa ni chakula kizuri, yana protini, ila chuma hayana karibu kabisa, na mtoto anayejazwa maziwa siku nzima anakosa njaa ya kula vitu vyenye chuma. Weka kwenye uji baada ya miezi sita, yawe yamechemshwa, usiyafanye yawe mlo wake wote.

Damu inashuka kwa njia nyingine pia ambazo hazina uhusiano na chakula. Minyoo, hasa safura inayoingia kwa miguu peku, na malaria. Ukiwa juu mlimani malaria ni kidogo, ila ukishuka kwenye mpunga kule Chekereni na Mabogini mbu wapo, na mtoto akiugua mara kwa mara hata umlishe maini kila siku damu inaliwa.

Nirudi kwenye uji kidogo maana ndo chakula cha kwanza cha watoto wetu karibu wote. Ukiufanya mwepesi ni maji, ukiufanya mzito hamezi, anatema. Huu mtego una dawa na dawa iko Kilimanjaro tangu zamani: kimea cha ulezi. Wanaopika mbege, pombe yetu ya ndizi, wanakijua vizuri, wanakiita mso. Ulezi unaloweka usiku, unaufunika siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanika ukauke kabisa, unafikicha vimizizi vitoke, unasaga. Kisha unapika uji mzito kama kawaida, unauacha upoe kidogo, unaweka kijiko cha chai cha unga wa kimea, unakoroga, na mbele ya macho yako unalegea na kuwa laini bila kuongeza maji, kwa sababu vimeng'enya vya mbegu iliyochipua vinaukatakata ule wanga. Unaurudisha motoni uchemke tena, hiyo hatua usiiruke kwa sababu ya vijidudu. Mtoto anakunywa kikombe kilekile chenye nguvu nyingi zaidi. Watafiti wa Kitanzania wamekuwa wakiandika juu ya hiki kitu tangu miaka ya 1980 na nashangaa kwa nini kliniki nyingi hazikisemi kila siku.

Badala yake watu wananunua au kusaga ule unga wa lishe wa kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga, vyote pamoja. Mi siupendi, na wataalamu wengi wa lishe siku hizi wanautahadharisha. Soya na mahindi haziivi kwa muda mmoja, na karanga ikiwa na sumukuvu, ile ya ukungu, umeisambaza kwenye mfuko mzima ambao mtoto atakula mwezi mzima. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, sio kitu cha kuchezea. Nafaka moja iliyo kavu na safi, karanga unachagua kwa macho unatupa iliyokunjamana na yenye ukungu, unaongeza wakati wa kupika. Na magadi, ndugu zangu wa Arumeru, magadi kwenye makande na maharage yanalainisha haraka ila yanaua vitamini B1, na huku kwetu maji yenyewe tayari yana floraidi nyingi, magadi nayo yanaongeza, meno ya watoto tunayaona. Loweka maharage usiku, mwaga maji, pika. Kuloweka kunapunguza na vile vitu vinavyoshika chuma.

Kuku sasa. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Ecuador, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, kudumaa kukapungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na wenzao, dunia nzima ikasimama. Baadae wakarudia Malawi kwa mpango uleule, mayai hayakubadilisha urefu. Kwa nini? Inaelekea watoto wa Malawi kule ziwani walikuwa tayari wanakula samaki na kudumaa hakukuwa kwingi kama kule, kwa hiyo pengo lililozibwa na yai Ecuador halikuwepo. Napenda kuwaambia watu hii habari kwa sababu inaondoa ile hamu ya kutafuta chakula kimoja cha ajabu, leo mlonge, kesho mbegu za maboga, keshokutwa kitu kingine cha kwenye pakti. Swali la kujiuliza ni mtoto wangu huyu anakosa nini.

Ila kuku huyohuyo anayetaga anakunya uani, na mtoto wa miezi tisa anatambaa palepale, anaokota anapeleka mdomoni. Watafiti Zimbabwe walikaa wakiangalia watoto siku nzima wakakuta baadhi wanakula mavi ya kuku na udongo kabisa. Utumbo ukishambuliwa na vijidudu kila siku, hata bila kuharisha, unavimba kidogokidogo na kushindwa kunyonya chakula. Baadae Zimbabwe hiyohiyo wakajaribu kwa utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2019, vyoo bora na kunawa mikono peke yake havikuongeza urefu wa watoto, maelekezo ya ulishaji pamoja na kirutubisho cha nyongeza viliongeza kidogo. Wengi walisoma hapo kwamba usafi hauna maana, mi nasoma tofauti, kwamba ndoo ya kunawia haitoshi kama mtoto bado anatambaa kwenye kinyesi. Banda la kuku lenye mlango, mkeka safi au eneo lililozungushiwa ubao ambapo mtoto anacheza, ni vitu vya bei ndogo na vinafaa kuhesabiwa kama sehemu ya bustani.

Sehemu nyingine ya kupasuka, na hii wanaume tusikilize, ni nani anaamua na nani anachoka. Kwetu kahawa toka zamani ni ya baba, ndizi na maziwa vya mama, kihamba ni cha ukoo wa baba. Ukiletwa mradi wa bustani kazi inaongezeka kwa mama: kuchota maji, kupalilia, kuchuma, kupeleka soko la Jumamosi Tengeru, na mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji baridi. Mboga zimeongezeka, hela imeongezeka, mtoto amepoteza milo miwili ya kulishwa kwa mkono. Milo inayotakiwa ni miwili mpaka mitatu kwa miezi 6 hadi 8, mitatu mpaka minne baada ya hapo, na mtoto mdogo hajilishi, anahitaji mtu akae naye, amwangalie, amsubiri. Kwa hiyo baba akichota maji ya bustani jioni, hiyo ni lishe ya mtoto moja kwa moja. Bibi naye tumwingize, yeye ndo ana neno la mwisho kwenye nyumba nyingi kuhusu mtoto ale nini, ukimfundisha mama peke yake umefundisha mtu asiye na kura.

Tafiti zinasema hivohivo. Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti 23 za miradi ya kilimo kwa lishe, nyingi zikiwa za bustani za nyumbani, wakakuta watu wanalima na kula zaidi kile kilichohamasishwa, lakini ushahidi wa watoto kuongezeka urefu ulikuwa mdogo, na wakasema pia nyingi ya tafiti zenyewe zilikuwa na watoto wachache mno kuweza kuonyesha tofauti. Burkina Faso walifanya mradi wa bustani na kuku pamoja na mafunzo ya ulishaji kwa akina mama, damu ya watoto ikapanda na kukonda kukapungua, hasa pale mafunzo yalipotolewa na wahudumu wa afya wa kijiji. Urefu haukubadilika. Kwa hiyo bustani ikiwa na mafunzo na mtu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba inafanya kazi ya kweli, bustani peke yake inafanya mboga.

Mwisho ni bustani yenyewe, maana hata ukifanya yote hayo kuna kiangazi. Masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano kila mtu ana mboga, bei inaanguka, zinaozea kwenye matuta. Tatizo ni Januari na Februari, na Agosti mpaka Oktoba kabla ya vuli, mfongo umekauka au zamu ya maji inakuja mara moja kwa wiki. Bustani ya mtoto isiwe kubwa, iwe karibu na jiko, magunia matatu manne yenye udongo na samadi iliyooza yanamwagiliwa kwa maji ya kuoshea mboga na vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Mchicha usiupande wote siku moja, panda kidogo kila wiki mbili tatu, unaanza kuvuna baada ya kama wiki nne. Mnavu unachuma ncha unarudi tena. Matembele na majani ya maboga yanavumilia jua. Papai mbili pembeni ya bafu. Nyanya kama kantangaze, wale wadudu wanaotoboa nyanya, wamezidi usijiumize, panda nyanya chungu. Na mbegu tumebahatika, pale Tengeru kuna kituo cha World Vegetable Center na wenzao wa utafiti wa serikali, mbegu za mchicha kama Madiira na mnavu kama Nduruma na Olevolosi zimetoka Arumeru hapohapo na zimepewa majina ya huku kwetu, zina majani mapana na zinakaa muda mrefu kabla ya kutoa maua. Dawa za wadudu kwenye hilo gunia la mtoto achana nazo, vidukari unaosha kwa maji ya sabuni kidogo na majivu.

Na ukienda kliniki, au siku ya afya na lishe ya kijiji, usikubali mtoto apimwe uzito tu. Kudumaa ni urefu kwa umri, mtoto mnene mfupi anaweza kupita kwenye mzani bila mtu kushtuka, omba alazwe kwenye ubao apimwe urefu na uandikwe kwenye kadi. Ukiona viganja na ndani ya jicho vimekuwa vyeupe, analala sana, hachezi, anakula udongo, mwambie nesi apime damu, na ikiwa imeshuka apewe dawa ya madini ya chuma kwa kipimo chake na amalize, kwa sababu damu iliyoshuka sana chakula cha bustani hakiwezi kuirudisha kwa haraka inayotakiwa, bustani utaendelea nayo ili isishuke tena.